Mwandike mtoto: barua kwa mwanangu aliyeko Doha

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila joto tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na pale uliposema yule wakala kakwambia ujaze fomu ya kuomba ukaazi wa kudumu Kanada kama mtu asiye na mtoto, nikaona simu haitoshi, maana kwenye simu unanijibu “sawa mama” na moyoni una lako.

Baba, mwandike mtoto. Hilo kwanza.

Hesabu mliyoipiga naijua. Pesa za kuonyesha benki, kwamba utaweza kujikimu ukifika, kwa viwango vilivyotolewa Julai 2025, ni dola 15,263 za Kanada kwa mtu mmoja. Kwa watu wawili ni 19,001. Tofauti ni dola 3,738, kama laki tatu na nusu za kwetu. Ndiyo bei mliyomwekea mjukuu wangu. Na hiyo hoja kwamba anakaa kwa mamake Likoni na hasafiri, haina msingi. Watu wa uhamiaji wa Kanada wanahesabu familia yote, anayekwenda na anayebaki: mke, na kila mtoto ambaye hajafika miaka 22 na hajaoa wala kuolewa, hata kama mahakama imempa mzazi mwenziwe malezi yote. Kwenye fomu kuna mahali pa kuonyesha kwamba fulani hataandamana nawe. Andika jina lake, weka alama hapo, basi.

Usipomwandika, na asipopimwa afya wakati ombi lako linashughulikiwa, kanuni zao za uhamiaji, kifungu cha 117(9)(d), zinamtoa katika jamaa unaoweza kuwadhamini siku za mbele. Utakuwa huko na nyumba na kazi, utake kumwita akasome, waseme huyu hayumo. Tena kuficha ni udanganyifu kisheria. Wakigundua mapema ombi linakataliwa na unafungiwa miaka 5. Wakigundua umeshafika, hata ukaazi wenyewe unaweza kuvuliwa. Wakala hatakuwepo kujibu. Sahihi ni yako.

Na kitu kinachonishangaza, hata faida hakuna. Alama za CRS, zile za kushindanisha waombaji, wanazipanga kwa umri, elimu, lugha, kazi, na mke kama yupo. Mtoto haongezi alama wala hapunguzi. Huyo wakala hajui kazi, au anajua na anataka pesa yako tu. Muulize namba yake ya usajili. Wanaoruhusiwa kutoza ada kwa ombi la Kanada ni mawakili wa huko, manotari wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na chuo chao cha washauri wa uhamiaji, ambacho kina orodha kwenye mtandao ya kila mtu kuangalia. Kuingiza jina lako Express Entry, ule mfumo wao wa mtandaoni wa kuchagua waombaji, ni bure. Ada zinakuja baada ya kualikwa kutuma ombi: kwa viwango vya Aprili 2024 zilikuwa dola 950 za Kanada ya kushughulikia ombi na 575 ya haki ya ukaazi, na 85 ya alama za vidole. Hizo mbili za kwanza hupandishwa kila miaka miwili mwezi huohuo, kwa hiyo angalia upya kabla hujalipa.

Mjomba wako naye kasema atakuazima laki nne zikae kwenye akaunti, barua ya benki ikishatoka umrudishie. Mwambie ahsante. Pesa za kukopa hazikubaliki, na barua wanayoitaka inaonyesha lini akaunti ilifunguliwa, salio la leo, wastani wa salio la miezi 6 iliyopita, na madeni uliyonayo. Laki nne zikiingia Jumatatu, wastani utasema zimeingia Jumatatu. Akitaka kukupa kabisa, aandike hati kwamba ni zawadi na hairudi. Tunamjua, hataandika. Afadhali ungoje miezi mitano, mshahara wako ujikusanye. Usingoje sana pia, maana umri ukipita 29 alama zinashuka kila mwaka, na wewe ulipita zamani.

Talaka nayo. Kwenye fomu ukiandika umeachana, watataka cheti. Kile kikaratasi mlichoandikiana mbele ya mashahidi hakitoshi. Lazima isajiliwe Mahakama ya Kadhi hapa mjini, upate hati yenye muhuri. Ikiwa ya Kiswahili, itafsiriwe na mfasiri aliyeidhinishwa, au mfasiri mwingine pamoja na kiapo chake. Usinitumie mimi wala dadako kutafsiri, tafsiri ya jamaa hawaipokei.

Halafu majina. Pasipoti yako inasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Muhammad, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina Mohammed kwenye jina la baba. Cheti hicho babako ndiye aliyekwenda kukiandikisha, na wakati ule hakuna aliyedhani kitafika ng'ambo. Kula kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, tena ufanye sasa, kabla hujatuma diploma ipimwe kama inalingana na elimu ya Kanada. Ripoti ya tathmini ikitoka na jina lisilolingana na pasipoti, unaanza kuandikiana nao barua huku siku zinakwenda. Ripoti yenyewe inadumu miaka 5, hakuna hasara ya kuiwahi. Mtihani wa Kiingereza ndio wa miaka 2. Chukua IELTS ya General Training; ile ya Academic haikubaliki huko. Kiwango cha chini ni 6 kila sehemu, lakini ukipata 8 kusikiliza na 7 kwa hizo tatu nyingine, alama zinaruka. Wewe kuandika ndiko kunakokuangusha. Unaandika kama unayetuma ujumbe wa simu, tangu shule.

Barua ya kazi nayo usiipuuze. Najivunia kwamba fundi wa AC wa hapa anashikilia mitambo ya jengo zima Doha, na majirani wote nimewaambia. Lakini barua uliyonitumia ina mistari miwili: fulani alifanya kazi hapa, tunamtakia kheri. Hiyo haihesabiki. Iwe kwenye karatasi rasmi ya kampuni, yenye anwani na simu, cheo chako, tarehe ya kuanza, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, kazi ulizokuwa ukifanya, na jina na sahihi ya msimamizi. Kwenye orodha ya kazi ya Kanada, kazi yako iko chini ya namba 72402. Soma majukumu yaliyoandikwa hapo, kisha msimamizi aeleze kwa maneno yake unachofanya kweli: kufunga mitambo, kujaza gesi, kutafuta mahali inapovuja, kubadilisha kompresa. Ikinakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye tovuti yao, afisa anaijua. Na ile hoteli ya Nyali nayo ikuandikie hivyohivyo.

Cheti cha tabia njema unahitaji viwili, cha Qatar na cha Kenya, maana ni kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Cha Qatar kichukue ukiwa bado huko. Cha kwetu unaombea eCitizen, tovuti ya serikali, unachapisha fomu ya C24, unachukuliwa vidole ubalozini.

Vipimo vya afya sasa wanavitaka kabla ya kutuma ombi, tangu tarehe 21 Agosti 2025. Zamani mtu alingoja aambiwe. Ukialikwa una siku 60 tu kutuma kila kitu, na katika siku hizo mtoto naye awe amepimwa, hata kama hasafiri. Daktari awe katika orodha yao. Huyu wetu wa mtaani hafai hata awe bingwa. Kama ni Nairobi nitampeleka mimi kwa treni. Ana miaka saba, hapigwi eksirei, hiyo ni kuanzia miaka 11. Watampima mwili na mkojo, atapewa karatasi yenye namba, nitakupigia picha uiambatanishe.

Lakini mamake lazima akubali, na huyo mama hujazungumza naye tangu Ramadhani. Mimi naweza kuvuka feri kumwona, na nitavuka, ila maneno yatoke kwako kwanza. Akikataa, jumbe zote za kumwomba ziweke, utazihitaji kwenye barua ya maelezo. Na siku moja ukitaka kwenda naye kabisa, kuna fomu ya IMM 5604 ambayo mamake ndiye anayetia sahihi. Sasa utamwambia nini, kama leo unamfuta?

Na kama kuna harusi nyingine unayoipanga huko bila kuniambia, hiyo pia waambie kabla hujatua. Mke anayeolewa katikati na asitajwe anaangukia kifungu kilekile.

Tangi la juu linavuja tena. Fundi anataka elfu sita, nami nimemwambia angoje, maana ya mwisho alilipaka saruji tu. Dadako anauliza kama lile friji ulilolitengeneza linaweza kuuzwa, nimekataa. Nitumie namba mpya ya mamake mtoto, niliyo nayo haipatikani.

Mamako