Sheria naziandika mwenyewe, mkono unazivunja

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo tafadhali usianze kunifundisha asilimia. Najua kwamba ukipoteza asilimia 50 ya mtaji unahitaji faida ya asilimia 100 ili urudi ulipokuwa. Najua pia kwamba ukihatarisha asilimia 1 katika kila biashara, hata ukipigwa mara 10 mfululizo unabaki na zaidi ya asilimia 90. Ukihatarisha asilimia 10, mapigo hayohayo yanakuacha na kama asilimia 35. Hesabu hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu, nikaibandika ukutani juu ya meza ninapofanyia biashara ya kripto, yaani sarafu za kidijitali kama Bitcoin. Ipo hadi leo. Akaunti ndiyo haipo.

Nilianza vizuri. Kwa miezi minne sikuingia sokoni bila kuweka agizo la kukata hasara, yaani amri ya kuuza yenyewe bei ikishuka hadi kiwango nilichopanga, na ukubwa wa kila biashara niliupima kwa agizo hilo: likikaa asilimia 5 chini ya bei niliyonunulia, natumia asilimia 20 tu ya mtaji, ili likiguswa nipoteze asilimia 1. Faida ilikuwa ndogo, lakini nilikuwa nalala.

Kisha zikaja wiki mbili za ajabu. Mara tatu bei ilishuka, ikagusa agizo langu, ikanitoa, halafu ikageuka na kupanda kulekule nilikotabiri. Inauma kuliko kukosea, niamini. Biashara ya nne, nilipoona bei inalikaribia agizo, nikalisogeza chini kidogo. Bei ikarudi juu, nikatoka na faida. Nikarudia. Mara sita nilivunja sheria yangu, na mara sita soko likanilipa! Nadhani hapo ndipo nilipoharibika. Laiti ningepigwa siku ile ya kwanza.

Ya saba niliingia na leveraji ya mara 10, yaani kwa pesa ya kukopa, biashara ikawa mara 10 ya dhamana niliyoweka mwenyewe; hapo bei ikienda kinyume nawe kwa karibu asilimia 10 tu, dhamana yako inaliwa yote. Ilikuwa saa nane usiku, na soko hili halifungi, iwe Jumapili iwe sikukuu. Nikalifuta agizo kabisa. Nikaongeza dhamana kutoka kwenye akiba ya nyumbani, nikaongeza tena. Kulipokucha nilikuwa nimechoma akaunti nzima pamoja na theluthi ya akiba. Wala si kwamba sikuwa na habari. Machi 2020 Bitcoin ilipoteza karibu nusu ya thamani yake ndani ya siku mbili, na kisa hicho huwa nawasimulia wenzangu kama onyo.

Mke wangu anajua kuhusu akaunti. Kuhusu akiba hajui.

Marafiki wananiambia niwe na nidhamu. Nidhamu ninayo tele saa nne asubuhi. Ni ya saa nane usiku ndiyo sina. Nimefikiria kuachana na leveraji, ninunue sarafu na kuziacha zikae. Lakini Bitcoin iliyofika karibu dola 69,000 Novemba 2021 ilikuwa chini ya dola 16,000 mwaka mmoja baadaye, na sidhani kama mkono huu ungetulia mwaka mzima ukitazama hayo. Njia nyingine ni kumkabidhi mke wangu nywila: mimi niandike mpango mchana, yeye aweke maagizo, na nisiweze kuyagusa. Hiyo inanivutia zaidi, ila siwezi kumwomba bila kumwambia ya akiba. Tena najishuku, huenda natafuta mtu wa kumlaumu siku mambo yakiharibika.

Je, nimwambie sasa, au kwanza nirudishe pesa polepole kutoka kwenye mshahara?

Na kuna jambo moja, maana usipolijua utanishauri nusunusu: jana usiku nimefungua akaunti mpya. Bado sijaweka pesa.

Wako,
Mwalimu