Mkataba wasema saa 48, langoni twaambiwa "leo pumzika"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya jambo ambalo sisi tunaofanya kazi za usafi hapa Kampala tumelizoea mpaka tunaliona ni desturi: kuandikiwa saa nyingi kwenye mkataba, kisha kupewa saa chache kazini.

Mimi ni msafishaji. Nimeajiriwa na kampuni inayopeleka watu kudeki na kufuta vioo katika jengo moja la maduka. Mkataba wangu, ukurasa wa kwanza kabisa, unasema nitafanya kazi siku 6 kwa wiki, saa 8 kwa siku, jumla saa 48, kwa malipo ya shilingi 1,200 kwa saa. Siku niliyotia saini nilipiga hesabu palepale kwenye simu: 9,600 kwa siku, 57,600 kwa wiki. Si pesa nyingi, lakini zinapangika. Kwa hesabu hiyo nikakodi chumba Bweyogerere, na nikamleta mwanangu kutoka kwa bibi yake Arua aje asome huku.

Sasa nieleze asubuhi yetu inavyokuwa. Saa kumi na mbili kasorobo tunakuwa tumeshafika nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, mbele ya mlango wa chuma. Wengine wamevaa yunifomu tayari, wengine wameikunja kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Mlango unafunguliwa nusu, msimamizi anatoka na karatasi aliyoiandika kwa penseli. Nasema penseli kwa sababu nimemwona akifuta jina na kuandika jingine huku tumesimama tunamtazama. Anasoma majina. Aliyetajwa anaingia, anachukua ndoo na dekio lake. Asiyetajwa anaambiwa, kwa sauti ya upole kabisa, "Nyabo (yaani mama), leo pumzika." Hapo mtu ametumia 2,000 za taksi kuja, na atatumia 2,000 nyingine kurudi. Amepumzishwa kwa gharama yake mwenyewe.

Kuna siku unaingia, lakini saa nne asubuhi unaambiwa kazi imepungua, nenda nyumbani. Unalipwa saa ulizoshika dekio, basi. Siku hiyo ukitoa nauli, umefanya kazi kwa 800.

Mwanzoni nilidhani ni mimi tu, kwamba labda sifanyi kazi vizuri. Mzee mmoja wa Koboko tunayefanya naye kazi, sote tunamwita Baba, ndiye aliyenifungua macho. Alinionyesha kidaftari anachokiweka mfuko wa shati, kila siku na saa zake: ya kuingia, ya kutoka, na siku alizorudishwa ameziwekea msalaba. Nikanunua daftari langu siku ileile. Nimeandika wiki 13 bila kuruka hata siku moja. Kwa mkataba, wiki 13 ni saa 624. Nilizopewa ni saa 391. Zilizokosekana ni 233, na kwa bei yetu hizo ni shilingi 279,600. Mshahara wangu wa wiki nne, kama ningepewa saa zote, ni 230,400. Maana yake katika miezi mitatu nimepoteza zaidi ya mwezi mzima wa kazi, na hakuna barua hata moja iliyonieleza kwa nini.

Nikienda ofisini naambiwa, "Hukufanya kazi saa hizo, unadai nini?" Hapa ndipo nataka msomaji anielewe vizuri, kwa sababu hata baadhi ya wenzangu wanakubaliana na jibu hilo.

Saa ambayo mkataba umeiandika imeshatoka mikononi mwangu. Mkataba huohuo, ukurasa wa tatu, unanikataza kufanya kazi kwa mtu mwingine siku za kazi. Kuna mama mmoja Kireka aliyetaka nimfulie nguo kila Jumatano. Nilikataa, kwa sababu Jumatano ni ya kampuni. Inabaki ya kampuni mpaka msimamizi aseme haihitaji, naye analisema hilo alfajiri mlangoni, wakati mama wa Kireka ameshampata mfuaji mwingine. Kampuni imeishika Jumatano yangu tangu Jumapili usiku. Imezuia nisimuuzie mwingine, halafu yenyewe haikuinunua. Mtu akilishikilia gunia lako la mahindi ghalani, akakataza usimuuzie mwingine, kisha siku ya soko akasema silitaki tena, mahindi yameshaoza mikononi mwako. Nani alipe hasara hiyo?

Na sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40 kama ilivyochapishwa wakati ule, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kazi kulingana na mkataba, kwa idadi ya siku zilizotajwa au zinazoeleweka ndani ya mkataba huo. Visa vya kumwondolea wajibu huo vipo, kama janga lisilozuilika au machafuko. Wateja kupungua madukani siku ya Jumanne si janga. Mwenye biashara ndiye anayechukua faida siku zikiwa nzuri, kwa hiyo siku mbaya nazo ni zake, asizigawe kwa watu wa ndoo na dekio.

Mara nyingi tukizungumza saa za kazi Uganda tunazungumza kuzidi tu. Watu wanajua kwamba sheria iliweka saa 48 kwa wiki, na wanawahurumia askari wa kampuni za ulinzi wanaosimama saa 12 kwa zamu. Nami nawahurumia. Lakini njaa ya saa ni njaa pia. Aliyefanyishwa kazi kupita kiasi mwili wake unaonyesha. Aliyepunguziwa saa anaonekana mzima, kumbe nyumbani kwake amezima jiko.

Kwa nini kampuni inaajiri watu ikawarudisha? Nimekaa hapo muda wa kutosha nikaona inavyofanyika. Jengo letu linahitaji watu 30 kwa zamu. Sisi tulioandikwa ni 45. Kila asubuhi 15 lazima wabaki nje. Kampuni haipati hasara hata kidogo kwa wale 15, kwa sababu hawalipwi, lakini inapata faida kubwa: mtu akiugua, mwingine yuko mlangoni. Mtu akiuliza habari za mshahara uliochelewa, wiki inayofuata jina lake linapungua kwenye karatasi bila mtu kumfukuza wala kumwandikia barua. Mwenzetu mmoja aliyelalamika kuhusu glavu zilizotoboka alikaa siku tisa bila kuitwa. Hakufukuzwa. Alipumzishwa tu. Na penye uhaba wa zamu ndipo panapozaliwa soko la zamu: wapo wanaompa msimamizi "chai" ili jina lisifutwe. Simlaumu anayetoa, ana watoto. Namlaumu aliyepanga watu 45 kwa nafasi 30 akijua fika kitakachotokea.

Wengine tunaambiwa sisi ni vibarua, kwa hiyo tusidai kitu. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Mimi nina mwaka na miezi, na mkataba wenye mhuri ninao. Ni wa Kiingereza, nao tulisomewa mbiombio tukiwa tumepanga mstari. Sheria inataka asiyeweza kusoma au asiyeielewa lugha ya mkataba, mkataba wake ushuhudiwe na hakimu au afisa wa kazi. Siku ile hatukumwona hakimu, na afisa wa kazi hatukumwona. Sisi tuliotoka West Nile, upande wa Arua na Koboko, na wengi wa walinzi, tunaongea Kiswahili kutwa nzima pale kazini, na Katiba tangu marekebisho ya 2005 imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Karatasi mbili za Kiswahili zingetusaidia sana.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani haraka. Mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, unakatwa kutokana na kile ulicholipwa: asilimia 5 kwangu, asilimia 10 kwa mwajiri. Saa 233 zikipotea, mwajiri ameokoa pia shilingi 27,960 ambazo zingekuwa akiba yangu ya uzeeni. Anayepunguza saa zangu leo anapunguza pia chakula changu nikiwa mzee.

Na nchi hii haina kima cha chini cha mshahara kinachomkinga mtu. Kilichopo kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, pesa ambazo leo unazimaliza kwa rolex mbili tatu, zile chapati za kuviringisha na mayai. Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Sipendi kuingia siasa za jambo hilo hapa. Nasema tu kwamba kama bei ya saa haina sakafu, basi idadi ya saa ndiyo pekee tuliyobaki nayo ya kushikilia, na ndiyo hiyo inayofutwa kwa penseli.

Nimesikia upande wa waajiri pia. Msimamizi wetu si mtu mbaya. Aliniambia siku moja, tukiwa wawili, kwamba mwenye jengo anachelewesha malipo, na kwamba wakuu wake wanamwambia, "Punguza saa." Inawezekana ni kweli. Basi waseme kweli: waandike mkataba wa saa 30, nasi tujue tunaingia kwenye saa 30, na siku zilizobaki tukatafute riziki kwingine bila kuvunja masharti. Mtu akiandikiwa 30 akapewa 30, hana ugomvi. Ninachokataa ni kuandikiwa 48 ili nisiende popote, na kulipwa 30.

Ninayoyaomba si makubwa. Karatasi ya mshahara ionyeshe safu mbili, saa zilizoahidiwa na saa zilizotolewa, ili pengo lionekane kila mwezi bila mtu kulazimika kuweka daftari mfukoni. Ratiba itoke wiki mbili kabla, kwa wino. Aliyefika kazini siku yake ya mkataba akarudishwa mlangoni alipwe siku hiyo, kwa sababu yeye ametimiza upande wake. Na maafisa wa kazi wanapokagua kampuni wasiridhike kuona faili la mikataba peke yake. Waombe na ratiba za miezi mitatu, waziweke kando kwa kando.

Wenzangu, andikeni. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikurudisha. Mwombe mwenzako atie saini pembeni. Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi, na asiporidhika mtu huenda mbele mpaka Mahakama ya Viwanda, lakini huwezi kufika huko ukiwa na maneno matupu. Mimi na Baba tumetoa nakala za madaftari yetu, kurasa 26 kwa jumla, na wiki iliyopita tumezipeleka kwa afisa wa kazi jijini. Alizipokea, akagonga mhuri, akatupa tarehe ya kurudi.

Mwisho nina neno kwa wenye majengo, mabenki, hospitali na shule mnaokodi kampuni za usafi. Mnapokaa kujadili bei kwa mwezi, ulizeni pia watu wangapi wameandikwa na wangapi wanaingia kila asubuhi. Na siku moja njooni saa kumi na mbili kasorobo, msipitie mlango wa mbele. Zungukeni nyuma, penye mapipa, muone wanaorudi.

Msafishaji,
Bweyogerere, Wakiso