Hesabu ya kamba wa kukaanga isisahau mafuta na sosi

Mhariri,

Kurasa za mapishi hupenda sana kamba na mboga za kukaanga kwa mtindo wa Kichina, na chini ya pishi huwekwa kisanduku cha virutubisho: kalori kadhaa, protini kadhaa, basi. Sisi tunaofanya kazi ya lishe na upishi tunaomba kisanduku hicho kitaje vitu vitatu zaidi: uzito wa kamba baada ya kumenywa, kiasi cha mafuta kilichoingia karaini, na sodiamu, yaani madini yaliyomo katika chumvi. Bila hivyo mpishi hana cha kushika, maana katika pishi hili kijiko kimoja cha ziada hubadilisha hesabu nzima.

Kamba wenyewe hawana ubishi. Gramu 100 za kamba wabichi waliomenywa zina takriban gramu 20 za protini na kalori 85, na mafuta hayafiki gramu 1. Wana pia seleniamu, iodini, fosforasi na vitamini B12. Lakini wasisifiwe kwa wasichonacho: madini ya chuma ni machache, na omega-3 yao, aina ya mafuta yenye faida kwa moyo, haifikii ya samaki wenye mafuta mengi. Uzito ndio hupotosha watu. Kilo moja ya kamba wenye vichwa na maganda hutoa nusu kilo ya nyama, au zaidi kidogo. Wakishaiva hupoteza maji, ndiyo maana gramu 100 za kamba walioiva zina karibu gramu 24 za protini. Pishi lisiposema kamba walipimwa wakiwa wabichi au wameiva, wenye maganda au wamemenywa, tarakimu zake hazina maana.

Lehemu (kolesteroli) ndiyo inayowatisha wengi: gramu 100 za kamba wabichi zina miligramu 160 hivi. Hata hivyo, kwa watu wengi kinachopandisha zaidi lehemu ya damu ni mafuta yanayoganda, kama ya siagi na ya nyama nono, na hayo kamba karibu hana. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 hadi 2020 uliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku kilichokuwa katika miongozo iliyotangulia, ingawa haukumpa mtu ruhusa ya kula ovyo. Aliyewekewa kikomo na daktari wake akifuate. Na anayekaanga kamba kwa siagi asijitetee kwa hoja hii, kwa sababu ameyarudisha yale yale mafuta ambayo kamba hakuwa nayo.

Tuchukue pishi la watu wanne: gramu 400 za kamba waliomenywa, gramu 250 za brokoli, 150 za pilipili hoho nyekundu, 100 za karoti na 100 za kabichi ya Kichina, vijiko 2 vikubwa vya mafuta na vijiko 2 vikubwa vya sosi ya soya. Kila sahani itakuwa na takriban kalori 200, protini gramu 23 na nyuzinyuzi gramu 3 hivi. Mafuta peke yake yamechangia kalori 60 kati ya hizo, kwani kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120. Ukimimina bila kupima, vijiko 2 huwa 4 bila wewe kujua, na sahani inapanda hadi kalori 260 pasipo kuongezeka hata kamba mmoja. Wali hatujauhesabu: kikombe kimoja cha wali ulioiva kina kalori kama 200, sawa na pishi lenyewe.

Hoho nyekundu na brokoli zina vitamini C nyingi, na kukaanga upesi huihifadhi kuliko kuchemsha, kwa sababu hakuna maji ya kumwagwa pamoja nayo. Betakarotini ya karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Kwa hiyo hatusemi mafuta yaondolewe. Yapimwe.

Sodiamu ndiyo inayotuhangaisha zaidi, nayo ndiyo isiyoandikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2000 kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi, karibu kijiko kimoja cha chai. Kijiko kikubwa cha sosi ya soya kina takriban miligramu 900. Vijiko 2 kwa watu wanne ni miligramu 450 kwa kila mtu, hilo linavumilika. Ongeza vijiko 2 vya sosi ya chaza na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kama mapishi mengi yanavyoelekeza, na kila sahani inakaribia miligramu 1000. Kisha kuna kamba wa barafu waliotiwa fosfeti ili washike maji. Hao huja na sodiamu yao, wakati mwingine zaidi ya miligramu 500 kwa gramu 100. Soma pakiti: ukiona tripolifosfeti, au E451 ambayo ni namba ya fosfeti za aina hiyo, chumvi nyingine isiingie kabisa.

Sosi ya soya iliyopunguzwa chumvi husaidia, ila bado ina sodiamu zaidi ya nusu ya ile ya kawaida. Njia tunayoipendelea ni kijiko 1 kikubwa cha sosi ya soya, vijiko 3 vya supu isiyo na chumvi, siki kidogo, tangawizi na kitunguu saumu vya kutosha. Yote yaingie mwishoni. Sosi iliyotiwa mwisho hukaa juu ya chakula, mahali ulimi unapoigusa kwanza, ndiyo maana kiasi kidogo hutosha.

Na hapa ufundi wa jikoni unaingia moja kwa moja katika lishe. Kamba wenye maji wakitiwa karaini, moto hushuka, maji hutoka, na badala ya kukaangika wanachemka na kuwa wagumu kama mpira. Mpishi akiona hivyo huongeza mafuta ili waive vizuri, kisha sosi ili wapate ladha. Kalori na sodiamu nyingi za pishi hili huingia katika dakika hiyo.

Yeyusha kamba kwenye jokofu usiku kucha, au kwenye mfuko uliofungwa ndani ya maji baridi, kisha wafute kwa kitambaa mpaka wakauke. Pasha karai tupu kwanza, halafu tia mafuta yanayostahimili moto, kama ya karanga au ya alizeti yaliyosafishwa. Kaanga gramu 200 kwa mkupuo mmoja, dakika 1 hadi 2 tu kulingana na ukubwa wao. Kamba aliyejikunja mithili ya herufi C na nyama yake imekuwa nyeupe isiyopitisha mwanga ameiva. Aliyejikaza mpaka kufunga duara amepitiliza. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 za Selsiasi. Watoe, kisha tia karoti na brokoli pamoja na vijiko 2 vya maji, funika dakika moja. Maji hayo hufanya kazi ambayo wengi huiachia mafuta. Hoho na kabichi zifuate, halafu tangawizi na kitunguu saumu kwa nusu dakika, maana vikitangulia huungua na kuwa vichungu. Rudisha kamba, mimina sosi iliyochanganywa na kijiko 1 cha chai cha wanga wa mahindi ulioyeyushwa kwa maji baridi. Ukoroge tena kabla ya kumimina, kwani wanga hutuama chini.

Jambo jingine linalopaswa kuchapishwa kwenye kisanduku hicho hicho ni mzio. Protini ya kamba iitwayo tropomayosini haiharibiwi na moto, na kwa baadhi ya watu hata mvuke wa sufuria huleta madhara. Kumbadilisha kamba kwa kuku hakumwokoi mgeni mwenye mzio ikiwa karai na mafuta ni yale yale. Sosi ya soya kwa kawaida ina soya na ngano, na sosi ya chaza hutokana na kiumbe mwingine wa baharini ambaye naye huleta mzio. Wanaopaka kamba ute wa yai kabla ya kukaanga wauandike pia.

Wasomaji wenu,
Wanalishe na wapishi