Roswell: aliyeanza kutaja kisahani ni jeshi

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa visahani vinavyoruka ukizuka, Roswell, mji wa Marekani unaodaiwa kuangukiwa na chombo cha viumbe wa sayari nyingine, haikosi kutajwa, na papo hapo watu hugawanyika: wanaoamini na wanaocheka. Mimi nauliza jingine. Nani aliyetangulia kusema kimepatikana kisahani? Ni jeshi lenyewe! Tarehe 8 Julai 1947 kambi ya anga ya Roswell, New Mexico, ilitoa taarifa hiyo kwa magazeti. Saa chache baadaye Jenerali Roger Ramey, akiwa Fort Worth, Texas, akasema ni puto la hali ya hewa tu. Picha zipo hadi leo: Meja Jesse Marcel, ofisa upelelezi wa kambi hiyo, amechuchumaa kando ya mabaki yaliyookotwa: vijiti, karatasi za kung'aa na mpira uliochanika.

Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani likaeleza kwamba mabaki yale yaelekea yalitoka Mradi wa Mogul, maputo ya siri yaliyobeba vinasa sauti ili kunusa majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Maelezo hayo nayaafiki. Lakini miaka 47 kuyatoa?

Tena, wakaguzi wa Bunge la Marekani walipopekua makabrasha mwaka 1995, walikuta jumbe zilizotumwa kutoka kambi hiyo, za Oktoba 1946 hadi Desemba 1949, zimeteketezwa. Fomu ya uteketezaji haisemi nani aliziharibu, lini, wala kwa idhini ya nani. Mpelelezi makini angeanzia kwenye fomu hiyo, si kwenye hadithi za maiti za viumbe wa sayari nyingine, ambazo zilishika kasi miongo mitatu baada ya tukio lenyewe.

Msomaji wako wa siku nyingi