Ndoo sita

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unasema ukipiga magoti husikii kitu, ni kama unaongea na ukuta, na sasa unahisi neema imekupitia mbali. Ningekupigia, ila kwenye simu mimi hujibu upesi mno. Bora niandike.

Unaikumbuka bustani ya mchicha kule chini, karibu na kisima? Januari ile ulipokuwa darasa la sita, ndoo ilikuwa inakwaruza mawe na kupanda na tope. Ulitupa kamba ukalia. Basi Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa Mkarmeli wa Hispania wa karne ya 16, aliielezea sala kwa bustani kama ile. Alisema maji huifikia kwa njia nne: kuteka kisimani kwa ndoo, kuyapandisha kwa gurudumu, kuyaleta kutoka mtoni, au mvua. Anayeanza kusali yuko kwenye ndoo. Mikono inachubuka, na anachopata ni kidogo. Kadiri Mungu anavyoishika kazi mwenyewe, mtunza bustani anapumua. Sisi wa mlimani tunamwelewa haraka, tumekulia kwenye mifereji. Zamu yako ikifika unazibua kwa jembe, maji yanaingia yenyewe. Mvua je? Haina zamu, na hakuna jembe la kuizibua.

Sasa sikiliza hili. Kisima kikikauka, anasema Teresa, wewe fanya lako. Mungu anaweza kuyatunza maua hata bila maji. Na asikudanganye mtu kwamba kwake ilikuwa rahisi. Amekiri mwenyewe kwamba kwa miaka alitamani saa yake ya sala iishe kuliko kubaki pale. Ndiye huyo Papa Paulo wa Sita aliyemtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake ni mwongozo kwa Kanisa lote, mwaka 1970!

Mimi, baba yako alipofariki, nilisali kama mtu aliyetuma orodha dukani. Ada, dawa, paa la jiko. Nikimaliza, amina, naondoka. Sikumpa Mungu nafasi hata ya kuvuta kiti. Siku hizi naamka kabla ya kuku, nakaa kwenye kigoda jikoni, moto sijawasha. Nalitaja jina la Yesu polepole, kisha nanyamaza. Mawazo yanakuja, tena mengi: ng'ombe hajala, deni la kikoba. Sigombani nayo. Nikigundua nimetangatanga, nalirudia lile jina. Dakika ishirini. Kuna siku narudi mara hamsini, na sauti sijawahi kusikia hata moja.

Mkulima mmoja wa Ars, Ufaransa, alikuwa akikaa mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi kanisani. Akamwambia paroko wake, Mtakatifu Yohane Maria Vianney, hivi: mimi namtazama, naye ananitazama. Hiyo ndiyo taamuli, sala ya kumtazama Mungu kimya. Mapadre wana maneno marefu kuliko hayo, ila sijaona walichoongeza.

Kwa hiyo rozari usiiache, wala jumuiya. Ongeza dakika kumi tu kabla wenzako wa hosteli hawajaamka. Ukisinzia, umesinzia, kesho kaa tena.

Huku mawingu yametanda upande wa Mawenzi tangu jana, tone bado. Asubuhi nimeteka ndoo sita.

Mama yako