Barua kwa mwanangu: kadi zako, na hiyo biashara unayotaka kufanya

Kisumu

Binti yangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Nyanya yako hajambo, mguu umepata nafuu na Jumapili alikwenda kanisani bila kushikwa mkono. Mama yako anauliza kama lile sweta linakutosha, maana Nakuru kuna baridi na wewe husemi mpaka uanze kukohoa.

Sasa kadi zako za Pokémon, za ule mchezo wa kukusanya na kubadilishana. Uliandika unaogopa nitazipitisha kwenye mashine ya laminesheni. Kwanza tulia: sijapiga laminesheni hata moja. Nilicheka niliposoma mstari ule, lakini hofu yako ina msingi, kwa sababu mashine iko dukani na watu huniletea kila kitu nikifunike, hata picha za harusi. Laminesheni huyeyusha gundi kwa joto, na gundi ikishashika karatasi haitoki tena bila kuondoka na wino. Kadi ya mchezo hutakiwa ibaki jinsi ilivyotoka kwenye pakiti. Ukiifunika kwa moto itang'aa vizuri sana, na hakuna atakayeitaka.

Ila lile faili lako la plastiki nimelitupa. Usikasirike. Mimi nauza mafaili kama hayo na nayajua: plastiki laini yenye harufu kali ukiifungua ni PVC, na ndani yake mna mafuta ya kuilainisha ambayo hutoka polepole. Wateja huniletea barua za kazi walizoziweka humo miaka michache, ukivuta karatasi maandishi yanabaki kwenye plastiki, yamegeuka kioo. Kwa kadi zako sitaki jambo hilo. Nimekuagizia kurasa za polipropilini, plastiki isiyo na mafuta hayo, zenye mifuko inayofunguka upande, hata ukilipindua faili kadi hazidondoki. Na pete za faili lenyewe nimechagua zile za umbo la D, kwa sababu pete za mviringo huuma kadi za ukurasa wa kwanza unapofunga.

Kadi nzuri nimezivalisha kifuko chembamba kwanza, halafu jalada gumu. Usiitie kadi tupu kwenye jalada gumu hata kama unaharakisha: kingo zinakwaruzwa, na lenyewe mara nyingi ni PVC pia. Halafu mpira wa kufungia pesa marufuku. Nimekuta fungu moja umelifunga kwa mpira, na kadi ya juu na ya chini zote zina alama ya kubonyea pembeni. Hiyo haitoki.

Kinachonisumbua zaidi ni hewa ya hapa. Ziwa liko pua na mdomo, na masika yakianza hata bahasha za dukani hujifunga zenyewe. Kadi zako za kung'aa zina tabaka la foili upande wa mbele. Karatasi hunyonya unyevu ikavimba, foili hainyonyi kitu, basi upande wa nyuma unatanuka na wa mbele umekaa pale pale, kadi inapinda kama mtumbwi. Karatasi hustarehe unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 40 na 50 hivi, na Kisumu mara nyingi tuko juu ya hapo. Nilinunua kontena lenye kifuniko cha kubana pale Kibuye, nikatia vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vikishashiba maji ni mapambo tu, kwa hiyo nabadilisha. Kontena liko kwenye rafu ya ukuta wa ndani, halikai sakafuni, wala haligusi dirisha. Mende wa nyumba hii unawajua: hula gundi na karatasi, na hawachagui kadi ya bei.

Wewe huko Nakuru una nafuu ya hewa kavu kidogo, lakini jua la mlimani halina huruma na rangi. Usizibandike ukutani.

Tuje kwa mwenzako wa darasani na kadi yake ya Charizard, yule kiumbe wa moto mwenye mabawa. Unasema ni ya 1999 na anataka umbadilishie kwa kadi sita kati ya zile alizotuma mjomba. Sijakataa. Nataka uitazame vizuri kwanza, tena mchana, si kwa tochi ya simu bwenini.

Kadi za Pokémon zilianza Japani mwaka 1996, na Wizards of the Coast ya Marekani ikazitoa kwa Kiingereza 1999. Seti ile ya kwanza ina kadi 102, na Charizard ni ya nne, kwa hiyo kwenye kona ya chini utaona 4/102. Ukiona 4/130, hiyo ni ya seti nyingine iliyotoka baadaye, mwaka 2000, ni halali lakini si ile. Kuna na nyingine yenye 4/102 iliyochapishwa tena 2021 kwa ajili ya miaka 25 ya mchezo. Hiyo ina alama ndogo ya 25 juu yake, na wengi huipita bila kuiona. Hata ile ya 1999 si ya aina moja: yenye muhuri wa toleo la kwanza, chini ya picha upande wa kushoto, bei yake iko mbali kabisa na isiyo nao. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni ya 1999" bado hajakuambia kitu.

Halafu uhalisi. Hapo ndipo kazi yangu inapokusaidia. Chukua ile lenzi niliyokupa. Kadi halisi imechapwa kwa mashine ya ofseti, ile ya viwanda vya uchapaji: rangi za picha utaziona ni nukta nukta zilizopangwa kwa utaratibu, lakini maandishi meusi yamekaa meusi mazito, kingo kali. Mtu akiskani kadi na kuichapa upya, hata maandishi yanageuka nukta. Usiitazame peke yake, weka kando yake kadi ya kawaida kabisa unayojua ni halali, ulinganishe. Kisha zielekeze zote mbili kwenye mwanga. Kadi halisi ina tabaka jeusi katikati linalozuia mwanga, ilhali bandia nyingi huupitisha. Kuna watu hujaribu kwa kuchana. Asikuchanie mtu kadi, wala wewe usichane ya mwenzako.

Ikishapita hapo, igeuze. Mgongo wa Pokémon ni bluu, kwa hiyo kona iliyochakaa hujitangaza yenyewe kwa weupe. Iinamishe kidogo uone mikwaruzo juu ya foili. Mkubaliane hali yake kabla ya kutaja bei, maana bei ya intaneti anayokuonyesha huenda ni ya kadi iliyofungwa na PSA na kupewa 10 juu ya 10. Kampuni hiyo iko Marekani, inapima kadi tangu 1991, na kadi ya mfukoni mwa sketi haiwezi kuchukua bei ile. Tena, ukiangalia eBay, lile soko la mtandaoni, angalia bei za zilizokwisha kuuzwa. Anayeomba dola elfu anaweza kuomba mpaka mwakani.

Kuhusu binamu yako siwezi kunyamaza. Shangazi ameniambia, bila kulalamika, kwamba alikupa kadi moja nawe ukampa tano za kung'aa, mtoto akalala nazo chini ya mto. Nimeitafuta kadi hiyo kwenye orodha yako, nikakuta umeiwekea nyota mbili, alama yako ya kadi za thamani. Basi ulijua. Sikuiti mwizi, mlikubaliana na hakuna aliyelazimishwa. Lakini ana miaka minane, na kwake chochote kinachong'aa ni dhahabu. Chukua simu ya shangazi, mwonyeshe kadi yake inauzwaje na zako zinauzwaje, kisha umuulize kama bado anataka. Akikubali, ni yako kwa haki. Akikataa, mrudishie, na usimnunie siku tatu kama ulivyozoea. Najua utaniambia shuleni wote hufanya hivyo. Wafanye.

Orodha yako ni nzuri, ila ongeza safu mbili: kila kadi uliipata kwa nani, na ulitoa nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi duka hili nimelishika kwa daftari.

Kuuza kwa watu usiowajua, bado. Siku ikifika utapitia kwa shangazi. Ujumbe wa M-Pesa si pesa. Mtu anaweza kukuandikia kitu kinachofanana nao herufi kwa herufi, kwa hiyo afungue salio aone. Na hata pesa ikiingia kweli, aliyetuma anaweza kuomba irudishwe kupitia namba 456 ya Safaricom, basi msiwe wepesi wa kumalizana na mtu barabarani.

Zile kadi mbili ulizoomba nimezituma kwa matatu ya asubuhi. Nimezitia kwenye vifuko, majalada magumu, katikati ya makaratasi mawili ya boksi, na mfuko wa plastiki juu, kwa sababu paseli hupita Kericho na mvua ya kule haiulizi msimu. Juu ya jalada nimeweka masking tepu, si selotepu, na ncha yake nimeikunja ili upate pa kushika. Vuta hapo taratibu. Shangazi aende steji na kitambulisho, dereva ana namba yake. Nijulishe zikifika, na uniambie binamu yako amesemaje.

Baba yako