Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ng'ombe Wetu katika Hesabu ya Gesijoto ya Taifa

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha na za maziwa yaliyopokelewa mmeshagawiwa, na mweka hazina atazieleza mstari kwa mstari. Taarifa yangu naielekeza kwenye swali linaloulizwa katika kila kikao cha kanda: je, ni kweli kwamba wakulima na wafugaji ndio wanaochafua hewa ya Kenya kuliko viwanda na magari?

Takwimu za serikali ni hizi. Mwaka 1995 nchi yetu ilikadiriwa kutoa tani milioni 56.8 za gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, zote zikigeuzwa kuwa kipimo cha hewa ukaa. Kufikia 2015 zilikuwa tani milioni 93.7. Katika hizo za 2015, kilimo na ufugaji vilibeba asilimia 40, na mabadiliko ya matumizi ya ardhi, hasa ukataji wa misitu, asilimia 38. Ahadi iliyotolewa mwaka 2020 ni kwamba ifikapo 2030 tuwe asilimia 32 chini ya tani milioni 143, kiasi ambacho tungefikia bila hatua zozote.

Asilimia 40 ni kubwa, lakini isomwe vizuri. Jumla ikibadilika, sehemu yetu hubadilika hata kama zizini hakuongezeka ndama hata mmoja. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Kwa kuwa umeme hautoi moshi mwingi, kilimo kinaonekana kikubwa. Magari yakizidi barabarani, asilimia ya kilimo itashuka, na hatutakuwa tumefanya lolote la kusifiwa. Kinachotufaa kufuatilia ni tani zenyewe, na lita ngapi za maziwa zimepatikana kwa kila tani.

Tani nazo zina mitego yake. Zamani kilo 1 ya methani, gesi anayobeua ng'ombe, ilihesabiwa sawa na kilo 21 za hewa ukaa, baadaye 25, sasa 28. Ng'ombe yuleyule, kwa majani yaleyale, amepanda kwa theluthi nzima kwenye karatasi. Na ukame wa 2020 hadi 2023, uliokausha misimu mitano ya mvua mfululizo na kuua mifugo zaidi ya milioni 2 kaskazini na mashariki mwa nchi, kwenye hesabu hizi unaingia kama upungufu wa methani. Tafadhali mtu yeyote asije akauita huo mafanikio.

Lililotuumiza zaidi ni kiwango kimoja cha Afrika nzima kilichotumika kwa miaka mingi: kilo 46 za methani kwa mwaka kwa kila ng'ombe wa maziwa, awe wa lita 5 kwa siku au wa lita 20. Kwa kiwango hicho, kulisha vizuri hakukuonekana popote. Kilichohesabiwa ni vichwa tu. Hesabu ya taifa ya ng'ombe wa maziwa ya 1995 hadi 2017, iliyotolewa mwaka 2020, ndiyo iliyoanza kutumia uzito, maziwa na lishe, na hapo ndipo daftari la mwanachama, anamoandika vipimo hivyo vya ng'ombe wake, linapopata thamani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo 1 ya chakula kikavu ina takriban megajuli 18.45 za nishati, asilimia 6.5 hivi hupotea kama methani anayobeua ng'ombe, na kilo 1 ya methani ni megajuli 55.65. Ng'ombe anayekula kilo 10 kavu kwa siku hutoa takriban kilo 79 za methani kwa mwaka, sawa na tani 2.2 za hewa ukaa. Akikamuliwa lita 5 kwa siku 300, kila lita imebeba karibu kilo 1.5. Anayekula kilo 13 na kutoa lita 12 anafikia tani 2.9, lakini kila lita imebeba kilo 0.8. Sasa angalieni: ng'ombe 3 wa kwanza ni tani 6.6 kwa lita 4,500. Wawili wa pili ni tani 5.7 kwa lita 7,200. Ila ukiwaboresha wote 3 na kubaki nao, unafika tani 8.6. Faida kwa hewa inakuja pale tu asiyezalisha anapoondoka zizini.

Madaftari mengi yaliyoletwa yana makosa ya aina moja: majani ya nepia yamepimwa mabichi na kuandikwa kama makavu. Nepia changa ni maji kwa asilimia 80 hadi 85, kwa hiyo mzigo wa kilo 50 una kilo 7.5 hadi 10 tu za chakula kikavu. Pima gramu 500 zilizokatwakatwa, anika juu ya bati, geuza, upime kila jioni mpaka uzito uache kushuka. Maziwa ya chai ya nyumbani na ya ndama nayo yaandikwe, la sivyo ng'ombe ataonekana mchafuzi kuliko alivyo. Utepe wa kifua, unaokadiria uzito, upite nyuma ya miguu ya mbele, asubuhi kabla ya maji, ng'ombe amesimama sawa na kichwa juu. Utepe wa Friesian usitumike kwa zebu, ng'ombe wa kienyeji wenye nundu. Vipimo vyake havilingani.

Mitamba, yaani majike ambayo hayajazaa, isisahauliwe. Anayezaa kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 40 badala ya 27 amekula na kubeua miezi 13 zaidi bila tone la maziwa, na chanzo ni lishe hafifu baada ya kuachishwa kunyonya au dalili za kutaka dume zilizopita bila kuonekana.

Kuhusu samadi, msiioshe kwa maji mengi hadi shimoni. Ikirundikwa ikiwa ngumu, sehemu ndogo tu hugeuka methani, asilimia 2 hadi 5 ya kiwango inachoweza kutoa. Ikikaa majini bila hewa, kwenye joto, inaweza kupita nusu. Mwenye mtambo wa bayogesi apake maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba kila mwezi. Povu likitokea, methani inavuja na kazi yote inapotea.

Kamati inaomba kibali cha mkutano huu kununua mizani moja ya kuning'iniza na tepe mbili kwa kila kanda. Kibali kikipatikana, kila mwanachama atapima ng'ombe wake wote, wakiwemo walioacha kukamuliwa na mitamba, mara moja kila miezi mitatu, na kuleta daftari pamoja na maziwa ya asubuhi.